Njia ya Windoni Gizani: Namna ya Kuipima

Anayewinda kulungu wa mkia mweupe kule Marekani huanza siku yake gizani. Majimbo mengi huruhusu kupiga risasi kuanzia nusu saa kabla ya jua kuchomoza, kwa hiyo muda huo ukifika awe ameshapanda ulingo wake mtini, ametulia, jasho limemkauka. Akipotea njiani atavunja vijiti na kuacha harufu yake kila pembe, na kulungu watahama. Ndiyo maana njia hutiwa alama mchana.

Angalia kwanza alama yenyewe. Mimi huchagua pini ya kuakisi, ndogo kama ya ubaoni. Kichwa chake hurudisha mwanga kule kule ulikotoka, na hapo ndipo siri ilipo: tochi ya kuvaa kichwani, karibu na macho, huiwakisha pini kutoka mbali kuliko tochi ya kushika kiunoni, na aliyesimama pembeni haoni kitu. Inakuongoza wewe peke yako. Umande ukitanda juu yake hufifia, basi ipigilie palipokingwa na tawi. Utepe wa plastiki siupendi. Mchana humwita kila mpita njia, juani hupauka, na watu wa misitu hufunga tepe za namna hiyo. Ukifuata mstari wao utaishia kwenye kitalu cha kukata miti. Rangi ndiyo usiiguse kabisa. Huko Texas na Missouri, rangi ya zambarau kwenye mti ni katazo la kisheria la kuingia ardhi ya mtu.

Ufundi hasa uko kwenye mpangilio. Simama penye alama moja: uione inayofuata, na iwe hiyo tu. Ukiona tatu kwa mpigo utashawishika kukata kona, na utaishia kichakani. Penye kona mjuzi huweka mbili, ya pili ikielekea upande wa kukunjia. Mti wa ulingo huupa tatu, kwa kuwa gizani mashina yote yanafanana. Kisha geuka nyuma. Wengi hutia alama za kwendea tu, wakasahau kwamba jioni giza litawakuta juu ya ulingo. Njia isiyo na alama za kurudia haijakamilika.

Tena, alama haiponyi njia mbovu. Ikiwa upepo unachukua harufu yako na kuipeleka walikolala kulungu, ng'oa pini zote uanze upya, hata kama utazunguka mara mbili ya mwendo.

Ardhi nyingi za umma hukataza kupigilia chuma mtini, maana msumari uliomezwa na gome huharibu msumeno miaka mingi baadaye. Huko tumia vibanio vya kutundika vijitini, na msimu ukiisha uviondoe vyote.

Wiki kadhaa kabla ya msimu, ipite njia yako usiku, kwenda na kurudi. Popote utakaposimama kutafuta alama, ongeza moja.