Chafya Kabla ya Mawindo: Sauti ya Mbwa Mwitu Ilivyochambuliwa

Mbwa mwitu wa Afrika, mnyama wa mabaka meusi, meupe na ya manjano, mwenye vidole vinne katika kila mguu, hasikiki kama mbwa wanaobweka usiku katika maboma ya Matulo na Kitale, magharibi mwa Kenya, kwani wenzake wanapokusanyika huwapokea kwa milio myembamba kama ya ndege, na anapopotezana nao hutoa mwito mzito wa "huu" unaosikika mbali. Hata hivyo, sauti iliyozaa uchambuzi wa kuvutia zaidi ni chafya.

Reena Walker, Andrew King, Neil Jordan na wenzao, ambao matokeo yao yalichapishwa mwaka 2017, walifuatilia makundi matano katika eneo la Okavango, Botswana, wakichunguza makusanyiko ya kuamkiana, yaani dakika chache ambapo mbwa walioinuka kutoka mapumzikoni huinamisha vichwa, hulaza masikio na kukimbia huku na huku wakigusana, kisha ama huondoka kwenda kuwinda ama hulala tena. Makusanyiko 68 yalichunguzwa, na katika kila moja zikahesabiwa chafya, yaani pumzi fupi zinazotolewa puani kwa nguvu.

Ilibainika kwamba kadiri chafya zilivyoongezeka, ndivyo kundi lilivyoelekea zaidi kuondoka. Lau uchambuzi ungekomea hapo, ungekuwa hafifu, kwa sababu kundi huongozwa na dume na jike wakuu, na huenda cheo chao, wala si chafya, ndicho kilichowainua wengine. Cheo nacho kikatiwa katika hesabu: wakuu waliposhiriki kuanzisha safari, chafya takriban 3 zilitosha, na wasiposhiriki, zilihitajika takriban 10. Pengo hilo ndilo kiini cha kazi yote, maana linaashiria akidi, yaani idadi ya chini inayohitajika ili uamuzi upite, ambayo hupanda na kushuka kulingana na hadhi ya mwanzilishi. Bado pengo hilo halithibitishi kwamba mbwa hupiga chafya kwa kusudi la kupiga kura, kwani huenda husafisha pua tu kabla ya kunusa mawindo.

Uchambuzi wa namna hii hudai makundi kadhaa yaliyo hai kwa wakati mmoja, sharti ambalo Laikipia, Kenya, ng'ambo ya Bonde la Ufa, haikuweza tena kulitimiza mwaka huohuo wa 2017, pale distempa, ugonjwa wa virusi unaoshambulia jamii ya mbwa, ilipoangamiza karibu mbwa mwitu wote waliokuwa wakifuatiliwa huko.