Ni Kipi Kilichoharibika? Uhakiki wa Mwongozo wa Kidhibiti Injini

Miongoni mwa maandishi yaliyotufikia ili yahakikiwe kabla ya kupigwa chapa umo mwongozo wa kurasa chache, uliotafsiriwa kutoka Kiingereza kwa ajili ya mafundi wa malori ya dizeli. Mwongozo huo waeleza jinsi ya kuondoa kifaa cha kielektroniki kinachoongoza injini, kinapoharibika, na kuweka kipya mahali pake. Hatutamtaja mfasiri wala karakana iliyompa kazi, kwa sababu makosa tutakayoyaeleza si yake peke yake. Tumeyaona katika tafsiri nyingi za kiufundi, na baadhi yake yana asili katika orodha zetu wenyewe za istilahi.

Yafaa kwanza kukieleza kifaa chenyewe. Katika malori ya zamani, kiasi cha dizeli kilichoingia katika kila silinda kilipimwa na pampu, na mwendo wa injini ulizuiwa na gavana iliyofanya kazi kwa springi na vyuma vizito vinavyozunguka. Fundi aliweza kuviona na kuvigusa. Katika malori ya leo kazi hiyo hufanywa na kisanduku kilichofungwa, ambamo mna kompyuta ndogo. Kisanduku hicho hupokea taarifa za mzunguko wa krenki, joto la maji ya kupozea, shinikizo la hewa inayoingia na hali ya pedali ya mafuta. Kisha huamua kila nozeli ifunguke lini na kwa muda gani. Kikiharibika, injini huweza kukosa nguvu, kutoa moshi, kuzimika ghafla au kukataa kabisa kuwaka. Lakini dalili hizo hizo huweza kuletwa na betri dhaifu, fyuzi iliyoungua au waya ulioliwa na kutu. Kwa hiyo fundi anahitaji maneno yanayompeleka mahali penyewe pa ubovu.

Mwongozo umepewa jina hili: “Ubadilishaji wa Moduli ya Kudhibiti Injini Inayoshindwa.” Na tujiulize: kinachoshindwa ni moduli au ni injini? Majina yote mawili yamo katika ngeli moja, na kirejeshi cha “inayoshindwa” chaweza kurudi kwa lolote kati yake. Injini na kisanduku chake ni vitu viwili visivyokaribiana kwa bei, na karani wa vipuri hana njia ya kujua kipi kiagizwe. Tena kitenzi chenyewe hakikai vizuri. Mtu hushindwa na kazi na timu hushindwa katika mchezo. Kifaa huharibika, hufa, au huleta hitilafu. Lau mfasiri angaliandika “Kuweka Kidhibiti Injini Kipya Badala ya Kilichoharibika,” shaka ingaliondoka mara moja, kwani “ki-” chaelekea kidhibiti tu, wala si injini. Hapo ndipo ilipo hoja yetu kuu: istilahi haiji peke yake. Huja na ngeli yake, na ngeli hiyo huendelea kufanya kazi katika kila sentensi itakayofuata.

Kosa la pili ni wingi wa majina. Kifaa kinachoitwa “moduli” katika jina la mwongozo chaitwa “kidhibiti” katika ukurasa wa pili, “kompyuta” katika wa tatu, na “sanduku” katika maelezo ya picha. Mwanafunzi wa ufundi atadhani ameelezwa vifaa vinne. Twakiri kwamba “kompyuta ya injini” si kosa, maana kifaa hicho ni kompyuta kweli. Lakini fundi hutumia pia kompyuta nyingine ya kupimia hitilafu, na matokeo yake ni agizo hili tulilolikuta: “Unganisha kompyuta na kompyuta kwa kebo.” Neno “kidhibiti” likiachwa peke yake nalo halitoshi. Nchini Kenya, tangu kanuni za usalama barabarani zilizoanza kutekelezwa mwaka 2004, wasafiri wamezoea kusikia habari za vidhibiti mwendo, na kifaa hicho kina kazi yake nyingine. Kwa hiyo twashauri kwamba “kidhibiti” kisitengwe kamwe na kile kinachodhibitiwa.

Wapo watakaouliza kwa nini tusilichukue neno “kontroboksi,” ambalo mafundi wanalo tayari. Hatulidharau. Lakini karakanani neno hilo huitwa kisanduku chochote cha kielektroniki, kiwe cha injini, cha gia au cha breki. Katika mazungumzo mkono wa fundi huonyesha kinachosemwa; katika maandishi hakuna mkono. Neno hilo na liwekwe mara moja tu, mwanzoni, ili kumwongoza msomaji: “kidhibiti injini, ambacho mafundi hukiita kontroboksi.”

Kosa la tatu ndilo lenye hatari ya hasara kubwa zaidi. Mwongozo wasema: “Kabla ya kuondoa moduli, hakikisha ardhi ni safi na imekazwa.” Msomaji atafagia sakafu ya karakana, kisha atashangaa ardhi hukazwaje. Neno la Kiingereza lililotafsiriwa hapa lina maana ya udongo tunaoukanyaga, na pia maana ya mwili wa chuma wa gari unaourudisha umeme kwenye betri. Kilichokusudiwa ni kwamba boliti za waya hasi, pale unapofungwa kwenye chasisi, ziwe hazina kutu na zimekazwa. Kutu hiyo huzuia umeme, hata betri mbili za volti 12 zinazolipa lori volti 24 zikawa hazikifikishii kidhibiti umeme wa kutosha, na kidhibiti kizima kikahukumiwa kuwa kibovu. Lori lililokwama katika mlima wa Kitonga huenda lahitaji brashi ya waya na spana tu. Lakini fundi aliyesoma “ardhi” ataagiza kidhibiti kipya, akifunge, na ubovu ubaki pale pale.

Nne ni kitenzi “kubadilisha.” Hatua mojawapo yasema: “Baada ya kubadilisha, badilisha moduli kwa kompyuta.” Kubadilisha kwa kwanza ni kuondoa kibovu na kuweka kipya, kwa pili ni kukiingizia programu ya injini ile, na mara nyingi pia namba ya gari na namba za nozeli, kwa kuwa nozeli hutofautiana kidogo tangu kiwandani. Fundi akidhani amekwisha kubadilisha, ataiacha hatua ya pili, na lori halitawaka au litawaka kwa kutetemeka. Tulifikiria “kupakia programu,” ila kwa watu wa malori kupakia ni kwa mizigo. Twaona “kuingiza programu” ni salama zaidi.

Haki yadai tuseme pia yaliyo mema. Onyo la mwisho limeandikwa hivi: “Usichomelee chasisi kabla ya kuchomoa nyaya za betri na soketi za moduli.” Ukitoa neno “moduli,” hii ni sentensi bora. “Kuchomelea” na “kuchomoa” ni vitenzi ambavyo kila fundi anavijua, wala hapana neno linaloweza kueleweka vingine. Mfasiri huyu hakukosa Kiswahili. Alipoandika kwa kuiona kazi ikifanywa aliandika vizuri. Alipoandika kwa kutazama orodha alipotea.

Lawama hiyo inatuhusu na sisi. Orodha yenye safu mbili, neno la kigeni na neno la Kiswahili, haionyeshi ngeli ikifanya kazi wala neno likigongana na jirani yake. Twapendekeza safu ya tatu, yenye sentensi moja kutoka kazini. Kwa kuanzia:

Kidhibiti injini: Kidhibiti injini kilichoharibika hakitumi taarifa.
Waya hasi wa chasisi: Sugua kutu kwenye boliti ya waya hasi wa chasisi.
Kuweka kipya: Usiweke kidhibiti injini kipya kabla ya kupima betri.
Kuingiza programu: Ingiza programu ya injini hii, kisha uwashe.
Kifaa cha kupimia hitilafu: Chomeka kifaa cha kupimia hitilafu, usome namba zake.

Twawaomba walimu wa vyuo vya ufundi na wafasiri wazisome sentensi hizi mbele ya mafundi, na kutuletea zile ambazo fundi amezielewa vingine.