Fundi na Chombo Kisichofunguka

Katika vibaraza vya mji wa Songea, tangu Majengo hadi Lizaboni, husikika mara nyingi kauli kwamba vyombo vya zamani vilikuwa imara na vya siku hizi ni vya kuazima. Hutajwa pasi ya mkaa, ile yenye jogoo mdogo juu ya komeo lake. Hutajwa cherehani iliyorithiwa na mjukuu. Kisha hulaaniwa mashine ya kufulia iliyonunuliwa juzi na leo imenyamaza. Kauli hiyo imekwisha kuwa sehemu ya utamaduni wetu, nasi twapenda kuihakiki kama lihakikiwavyo shairi linalosifiwa na kila mtu: lasema nini, na je, lisemalo ni kweli?

Sehemu yake moja si kweli. Pasi tuionayo leo ni ile iliyosalia. Zilizopasuka, zilizoliwa na kutu na zilizouzwa kama chuma chakavu hazipo mbele yetu kutoa ushahidi. Aidha, kabla ya mwaka 2018, ulipokamilika mkondo wa umeme wa kilovolti 220 kutoka Makambako, mji wetu uliendeshwa zaidi kwa majenereta ya dizeli, na mwenye kupata umeme wa taa na redio alijiona amepata. Wengi wetu basi hatukuwa na mashine ya kufulia ya zamani ya kuilinganisha na hii ya sasa. Twailinganisha na pasi ya mkaa, vitu visivyo jamaa. Wala tusisahau ni nani aliyefua siku hizo. Mama zetu waliinama mtoni na kwenye karai tangu asubuhi, wakirudi na vidole vilivyochubuka. Msifu zamani aghalabu hakuwa mfuaji.

Hata hivyo kauli hiyo ina ukweli wake, ila umefichwa mahali pasipoangaliwa. Vya zamani navyo viliharibika. Tofauti ni kwamba vilipoharibika vilifunguka.

Tulipata kukaa katika karakana ndogo ya fundi mmoja wa Majengo, akiwa na mashine iliyokuwa ikinguruma kama lori linalopanda mlima. Yapasa msomaji aelewe ubovu wake. Ndani ya mashine ya namna ile mna mapipa mawili: la nje hushika maji, na la ndani, lenye matundu, huzungusha nguo. Pipa la ndani limeshikwa na mhimili unaopita katika beringi mbili, na mbele ya beringi pana mpira wa kuzuia maji. Mpira ukichakaa, maji hupenya, grisi huoshwa, beringi hushika kutu, na ngurumo huanza. Beringi ni kitu cha bei ndogo, na fundi wa pikipiki huibadilisha kila siku. Katika mashine nyingi za awali pipa la nje lilikuwa vipande viwili vilivyofungwa kwa boliti: ulifungua, ukabadilisha, ukafunga. Katika hii iliyokuwa mbele yetu, vipande viwili vya plastiki vilikuwa vimeyeyushwa vikawa kitu kimoja. Mwenye mashine hiyo hutakiwa anunue pipa zima, na bei yake hukaribia kumvuta anunue mashine mpya.

Fundi yule alichukua msumeno wa chuma, akalikata pipa katika mshono wake polepole, kisha akatoboa matundu kandokando ili alirudishe kwa boliti na gundi. Kazi hiyo ilimla siku mbili. Akatuambia, bila hasira, “Mzee wangu, aliyeiunda hii hakutaka nimfuate.”

Neno lile lilitugusa kwa sababu ya ushairi. Katika kujibizana kwetu, malenga hufunga fumbo akijua kwamba mwenzake atalifumbua. Fumbo lisilo na ufumbuzi hulihesabu kuwa kosa la mtungaji, hata vina vyake viwe sawa sawia. Na lugha yetu yenyewe imelitoa neno fundi katika shina moja na kufundisha, kufunza na mwanafunzi. Fundi kwa Mswahili ni mtu aliyefundwa, naye hufunda. Mwanagenzi akaaye kando yake hujifunza kwa kutazama kifaa kilicho wazi. Bodi ya umeme iliyofunikwa kwa gundi ngumu humfunza nini, isipokuwa kuitoa na kuitupa? Hapa ndipo ilipo hasara ambayo kauli ya vibarazani haiitaji. Twahesabu fedha ya mashine, hatuhesabu somo lililopotea pamoja nayo.

Wengine husema lawama yote ni ya nchi fulani ya Asia. Hilo ni jibu la uvivu. Balbu ya taa ilifupishwa maisha hadi saa 1,000 na makubaliano ya makampuni makubwa ya Ulaya na Marekani yaliyoanza mwaka 1924. Huko huko Ulaya ndiko kilio kimekuwa kikubwa hata ikatungwa kanuni, inayotumika tangu Machi 2021, kwamba vipuri vya mashine za kufulia vipatikane kwa muda usiopungua miaka 10 baada ya mashine ya mwisho ya aina hiyo kuingia sokoni. Lakini isomwe kwa makini: yaruhusu pipa na beringi zake kuuzwa kwa pamoja. Mlango umefunguliwa nusu.

Nasi hatuna mikono safi. Katika miaka yetu ya utumishi tumetia sahihi karatasi nyingi za ununuzi. Tuliuliza bei, tukauliza siku ya kuletwa mzigo. Hatukumbuki kuuliza hata mara moja kama kifaa chafunguka, au vipuri vyake vyapatikana wapi, wala kama yupo fundi wa Ruvuma awezaye kukitengeneza. Stoo ya ofisi moja tuliyoitumikia ilijaa vifaa vilivyokufa kwa ugonjwa mdogo, vikingoja kufutwa katika daftari.

Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, toleo la 2023, imeweka mkondo wa amali katika sekondari. Twawaomba walimu wa mkondo huo wavitafute vifaa vya namna hiyo kabla havijapelekwa jalalani, mashine ya kufulia ikiwa mojawapo, wawape wanafunzi bisibisi, na kuwataka waandike kwa Kiswahili kila kipande walichokitoa, jina lake na kazi yake. Wakifika kwenye pipa lisilofunguka, waandike pia kwamba halikufunguka, na kwa nini. Orodha hizo zikikusanywa, afisa ununuzi wa kesho atakuwa na kitu cha kusoma kabla ya kutia sahihi.