Ng'ombe Kasifiwa, Mkamuaji Je?

Kiriri ni mtaa wa kutazama magharibi. Ukisimama kwenye kaburi la Mwanamfalme Louis Rwagasore, Bujumbura yote iko chini yako, kisha Ziwa Tanganyika, kisha milima ya Kongo. Wageni hupiga picha za upande huo. Mimi nawaomba wageuke nyuma, watazame miinuko ya Mumirwa inayopanda kuelekea Bugarama. Huko juu familia hufuga ng'ombe mmoja, wawili, wakizidi sana watatu, na maziwa yao huteremka mjini kwa baiskeli jua likiwa bado changa.

Katika nchi hii ng'ombe amesifiwa hata hana analodai. Ametungiwa mashairi ya kujigamba, ametolewa mahari, na amewafunga watu kwa mikataba ya ubugabire, ambapo aliyepewa ng'ombe alibaki na deni la utumishi na heshima kwa aliyempa. Inyambo, wale wenye pembe ndefu, walikuwa fahari ya watawala. Tuseme kweli lakini: kwa maziwa ni wachoyo. Lita mbili au tatu kwa siku, na ndama naye anadai haki yake. Aliyeweza kulisha watoto kwa lita hizo ndiye fundi, na sijui shairi linalomsifu yeye.

Ufugaji huu umevunjika na kuanza upya mara nyingi. Miaka ya 1890 sotoka ilifagia mifugo ya Afrika Mashariki yote na Burundi haikusalimika. Vita vilivyofuata mauaji ya Rais Melchior Ndadaye, Oktoba 1993, viliacha mazizi matupu vilima kwa vilima. Baada ya vita familia nyingi zilirudi kwenye ufugaji kwa mpango wa kupokezana: unapewa mtamba, akizaa unamkabidhi jirani ndama. Safari hii aliyepewa alimlipa jirani, si bwana.

Ng'ombe mwenyewe naye amebadilika. Chotara wa Friesian hutoa maziwa mara kadhaa ya yale ya inyambo, ila ni dhaifu mbele ya kupe. Ndigana kali humwangusha kwa siku chache. Kwa hiyo hukaa bandani na chakula humfuata. Sheria ya mwaka 2018 iliyokataza mifugo kuzurura iliwalazimisha na wengine kufuata njia hiyo. Kwa mwenye shamba dogo sheria hiyo ni mzigo, kwa sababu sasa miguu inayotafuta majani ni yake. Hata hivyo matete yanayopandwa kwenye kingo za makinga maji hufanya kazi mbili: hulisha ng'ombe, na hushika udongo ambao mvua ingeuburura hadi kwenye nyumba za mjini. Wakazi wa Kiriri wanaolalamikia harufu ya samadi wakumbuke hilo.

Sasa tuingie bandani. Mkamuaji hodari huanza na ndama. Humwacha anyonye kidogo kila chuchu hadi maziwa yashuke, kisha humfunga karibu na mama yake ili aendelee kulambwa. Kuanzia hapo ana dakika chache tu. Mbwa akibweka au mgeni akipaza sauti, ng'ombe huyazuia maziwa, na kumbembeleza hakusaidii sana. Kiwele huoshwa kwa maji ya uvuguvugu na kukaushwa. Michirizi ya kwanza hukamuliwa kwenye kikombe cheusi, maana hapo ndipo vibonge vya ugonjwa wa kiwele hujionyesha. Chuchu haivutwi, hubanwa: kidole gumba na cha shahada hufunga juu, vingine hufuata kimoja kimoja kushuka chini. Anayevuta huumiza, na ng'ombe hasahau mkono. Maziwa ya mwisho ndiyo yenye mafuta mengi. Mvivu anayeinuka mapema huacha siagi ndani ya kiwele na kuukaribisha ugonjwa.

Zamani kukamua kulikuwa kazi ya wanaume na wavulana. Wanawake walishika igisabo, kibuyu cha kusukia. Mgawanyo huo umelegea, na banda la nyumbani limechangia, kwa kuwa aliye karibu na ng'ombe saa kumi na moja alfajiri ndiye anayekamua. Kazi ya kibuyu nayo ina siri zake. Maziwa hugandishwa kwanza, kisha husukwasukwa kwa mwendo mmoja, bila pupa, na msukaji husikiliza: sauti ikibadilika kuwa nzito, siagi imejitenga. Hakuna kipimajoto. Wenzetu wa Ankole, Uganda, hufukiza vyombo vyao vya maziwa kwa moshi wa majani. Wakalenjin wa Kenya husugua vibuyu vyao kwa mkaa wa miti maalumu. Kote huko shabaha ni chombo safi, kwani kwenye joto maziwa mabichi yasiyopozwa hayamalizi siku.

Na hapo ndipo mfugaji mdogo anapoumia. Hana tangi la kupozea. Barabara ikifungwa nusu siku, jasho lake limechacha. Mwaka 2022 homa ya Bonde la Ufa ilipoingia Burundi, usafirishaji wa mifugo ulisitishwa na wateja wakaogopa hata maziwa ya zizi lisilo na ugonjwa. Deni la dawa na chumvi halikusitishwa.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, mwenye baiskeli akisimama mlangoni kwako, muulize maziwa yamekamuliwa saa ngapi, na uyachemshe hata kama unamwamini. Kisha mlipe bei aliyotaja. Kupunguziwa faranga mia kwenye lita si ushindi wa kujivunia.