Chambo Chenye Mabawa

Mbegu za mahindi, kunde na pojo zikishapandwa katika mashamba ya Vitengeni, magharibi mwa msitu wa Arabuko-Sokoke, tetere ndio wa kwanza kuja kuzikagua. Hapo kazi ya kuamia ndege huanza alfajiri: kelele, teo, debe la kugonga, na kwenye nafaka inayokomaa, mlinzi juu ya dungu. Yote hayo ni ya kumfukuza ndege. Iko mbinu inayokwenda kinyume, ya kumwita ashuke, na anayetaka kulinda shamba ana faida kubwa ya kuielewa.

Njiwa anayepita juu ya shamba anatafuta mambo mawili: chakula na usalama. Kuyachunguza yote mwenyewe ni kazi ya hatari, kwa hiyo huangalia wenzake. Akiona njiwa wametulia chini wakidonoa, amepata majibu yote kwa mpigo mmoja. Chambo, awe ndege hai au sanamu, kazi yake ni kumpa majibu hayo.

Uingereza, ambako njiwa wa porini hula shayiri, ngano na kabichi, wawindaji wameifanya kazi hii kuwa ufundi kamili. Njiwa hapendi kutua kwenye mabua yaliyosimama wima. Hutafuta mahali ambapo mvua na upepo vimelaza shayiri. Hapo ndipo sanamu hupangwa, hatua kadhaa kati ya moja na nyingine, vichwa vingi vikielekea upepo utokako, kwa kuwa ndege hutua akiukabili upepo. Katikati huachwa uwazi wa kutulia wageni. Mwindaji hujificha ng'ambo ya uwazi huo. Akitikisika, mpango wote umeharibika.

Siri kubwa zaidi iko kwenye bawa. Njiwa huyo ana mstari mweupe unaofichika anapokula na kuonekana waziwazi anaporuka. Mwaka 1984 watafiti Inglis na Isaacson walichapisha matokeo ya majaribio ya sanamu zilizowekwa katika mikao mbalimbali. Zilizofunga mabawa ziliwavuta njiwa. Zilizoyatandaza na kuonyesha weupe ziliwafukuza. Chambo kilekile, kwa kubadilishwa mkao tu, kikawa kitisho. Tetere naye huonyesha ncha nyeupe za mkia anaporuka, na hilo ni jambo linalostahili kujaribiwa katika mashamba ya pwani.

Kuvuta ndege wengi, hata hivyo, si sawa na kupunguza idadi yao. R. K. Murton na wenzake, waliowafuatilia njiwa hao kwa miaka mingi mashariki mwa Uingereza, walionyesha mwaka 1974 kwamba kilichoamua idadi ya njiwa kilikuwa chakula cha majira ya baridi. Wengi waliopigwa risasi wangekufa njaa hata hivyo, na waliobaki wakapata nafasi ya kula zaidi.

Magharibi mwa Kenya chambo hufanya kazi kwa sauti. Katika kaunti za Siaya na Busia, wategaji wa tombo, ambao Waluo huwaita aluru, hutundika vitundu vyenye ndege hai juu ya mti mrefu. Waliomo ndani huita, walio porini huitikia na kufuata sauti, kisha hunaswa katika vitanzi vilivyotegwa ardhini. Aliyerithi ujuzi huu lazima ajue msimu, saa ya mlio na njia ambayo tombo hupita akitembea majanini.

Kwenye skimu ya mpunga ya Bunyala, kaunti ya Busia, ujuzi wa namna hiyo uligeuzwa kuwa balaa. Mtafiti wa ndege Martin Odino, aliyeanza kufuatilia jambo hilo mwaka 2009, alieleza jinsi korongo domowazi walivyofungwa kamba wakiwa hai majarubani. Kundi lililopita juu liliwaona, likashuka. Chini palikuwa na konokono waliotiwa Furadan, dawa ya wadudu yenye kabofurani. Kwa hua na ndege wengine wala nafaka, sumu hiyo ilitiwa kwenye mchele. Kabofurani huzuia kimeng'enya kinachotuliza mishipa ya fahamu. Misuli hukosa kutulia, pumzi hukatika. Chembe moja inaweza kumwua ndege mdogo. Nyama iliuzwa kwa watu, na kuchemshwa chunguni si lazima kuimalize sumu. Mwaka huohuo wa 2009 kampuni ya FMC ilianza kuiondoa Furadan katika soko la Kenya, baada ya habari za simba waliouawa kwayo.

Tofauti ya Siaya na Bunyala ndiyo inayopaswa kuangaliwa kwa makini. Kitanzi humnasa tombo mmoja mmoja, na mtegaji huona alichokamata. Sumu haichagui: humwua korongo anayekula hasa konokono na hagusi mpunga, kisha huingia katika chungu cha familia.

Mkulima wa Vitengeni ana njia ya kuitumia elimu hii bila kuua. Mbegu iliyomwagika juu ya udongo ifukiwe siku hiyohiyo, kwa sababu tetere wa kwanza akitulia kuidonoa, yeye mwenyewe ni chambo kwa kundi zima. Afukuzwe kabla hajapata wenzake. Sanamu ya kutishia isiachwe pahali pamoja kwa wiki nzima. Ihamishwe, na iwe na kitambaa cheupe kinachopepea kwa upepo. Na penye ndege wengi waliokufa pamoja bila jeraha, wasiokotwe kuliwa; Shirika la Huduma za Wanyamapori, KWS, lijulishwe.