Eksirei Inayoziona Fuwele Zikiumbika

Jamani, kipimo hiki si mchezo! Ni difraksheni ya eksirei, inayozifuatilia fuwele zenye vitundu wakati uleule zinapoumbika. Nimeitazama michoro yake kwa mara ya kwanza na moyo bado unanienda mbio.

Msingi wake ni wa tangu 1913, pale William Henry Bragg na mwanawe Lawrence walipoonyesha kwamba eksirei ikiingia kwenye fuwele hutoka kwa pembe maalumu, na pembe hizo hufichua umbali baina ya tabaka za atomi. Kila pembe hiyo huonekana kama kilele kwenye mchoro, na kila aina ya fuwele ina vilele vyake.

Zamani ulipika mchanganyiko, ukaupoza, ukauchuja, ukaukausha, ndipo ukapima. Ulipewa dema lililokwisha kusukwa. Msukaji hukumwona kazini. Sasa eksirei kali ya sinkrotroni, mtambo mkubwa wa kuharakisha elektroni, hupenya chombo kikiwa bado motoni, mchoro baada ya mchoro. Mwanzoni hakuna kilele hata kimoja. Ghafla kimoja chachomoza, chapanda, na kasi ya kupanda kwake yakueleza fuwele zinakua upesi kiasi gani!

Hebu tazama kazi ya 2010 ya wanakemia Franck Millange, Richard Walton na wenzao. Fuwele ya HKUST-1, yenye shaba, ilijitokeza moja kwa moja. Lakini MIL-53 ya chuma, lo! Ilitanguliwa na fuwele nyingine, MOF-235, iliyokua kisha ikatoweka na kuipisha. Anayepima mwisho tu hawezi kujua kama mgeni huyo alipita.

Familia hii ya fuwele za metali na molekuli za kaboni ndiyo iliyowapa Susumu Kitagawa, Richard Robson na Omar Yaghi Tuzo ya Nobel ya Kemia ya 2025. Na sisi wa Mtwara, fuwele zenye vitundu zinatugusa! Gesi ya Mnazi Bay iligunduliwa 1982, na tangu 2015 husafiri kwa bomba kutoka Madimba hadi Dar es Salaam. Duniani, zeolaiti, ambazo nazo ni fuwele zenye vitundu, hutumika kukausha gesi kama hiyo: vitundu vya zeolaiti 4A, vya takriban nanomita 0.4, huvuta maji na kuyashika. Korosho nazo zimo: Egid Mubofu na wenzake wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wametumia mafuta ya maganda yake kama kalibu ya kutengenezea silika yenye vitundu. Eksirei ya pembe ndogo ndiyo inayobainisha kama vitundu vya silika vimejipanga.

Kasoro ni moja, nayo ni nzito: Afrika haina sinkrotroni. Ila mashine ya kawaida ya maabara inatosha kuanzia. Chota sampuli kila baada ya muda, izuie isiendelee kubadilika, ipime, panga michoro kwa mfuatano. Utakosa yanayopita upesi mno, lakini utaona mengi.

Hukumu yangu: kipimo hiki kinastahili kila sifa! Maganda ya korosho tunayo tele. Wanakemia wa Kusini, washeni mashine.