Chokoleti ya Vitu Viwili, Halwa ya Moto na Utamu Mwingine Usio na Soya

Vitu viwili tu: kakao na sukari! Nimegeuza pakiti mbele na nyuma, nikasoma hadi maandishi madogo ya chini kabisa, na cha tatu hakipo. Hakuna lesithini, hakuna ile namba yake E322, hakuna yale "mafuta ya mimea" yasiyosema ni mmea gani. Sisi ambao soya hutuvimbisha midomo na kutuwasha koo tumezoea kuipita rafu ya chokoleti bila kusimama, na leo nimeshika chokoleti nyeusi ya asilimia 70 ambayo naweza kuila yote kwa moyo mweupe. Na kakao yenyewe ni ya hapa hapa Afrika Mashariki, imetoka bonde la Kilombero, mkoani Morogoro!

Mtengenezaji ni Dandelion wa San Francisco, na juu ya karatasi pameandikwa Kokoa Kamili, Tanzania. Kokoa Kamili ni kampuni iliyoanza mwaka 2013 katika kijiji cha Mbingu. Hununua kakao mbichi kwa wakulima wadogo, ingali na utelezi wake mweupe, kisha wao wenyewe huivundika na kuianika. Kazi hiyo ya kuvundika ndiyo inayozaa ladha. Kakao iliyoharakishwa huwa kali na chungu, ikakaza ulimi, na mtengenezaji hulazimika kuifunika kwa vanila na maziwa. Hii haikuharakishwa, na haihitaji kufunikwa na chochote.

Binamu yangu anayeishi California ndiye aliyenitumia. Nilivunja kona moja, ikakatika kwa mlio mkavu, safi. Sikutafuna. Niliiacha juu ya ulimi, na kwa muda kidogo hakuna kilichotokea, halafu ghafla ikaanza kuyeyuka, na uchachu wa zambarau zilizoiva ukajaa mdomo mzima! Uchachu kwanza, kisha utamu, kisha ule uchungu wa kakao unaobaki nyuma kabisa ya koo hata baada ya kumeza. Ndani ya pakiti hakuna tunda hata moja. Matunda yote unayoyasikia yametoka kwenye punje yenyewe ya kakao.

Kwa nini chokoleti nyingine nyingi zina soya? Sababu ni ya kiwandani zaidi kuliko ya jikoni. Chokoleti iliyoyeyushwa ni nzito, chembe za sukari hukwama ndani ya mafuta ya kakao, na mashine hupata taabu kuimimina kwenye kalibu. Ukiongeza lesithini kidogo tu, chini ya asilimia moja, uji ule hulegea na kutiririka, na mtengenezaji hupunguza mafuta ya kakao, ambayo ni ghali. Lesithini ya bei nafuu hutokana na soya. Ipo ya alizeti pia, nayo inafanya kazi ile ile, na kila ninapoiona imeandikwa kwenye pakiti napata furaha, kwa sababu namba E322 peke yake haikwambii ni ya mmea upi. Lesithini ya soya hubakiwa na chembe za protini. Wapo wenye mzio wanaoivumilia na wapo wasioweza, na hilo ni la mtu na daktari wake. Mimi najua upande wangu, na ndiyo maana chokoleti hii imenifanya nishindwe kukaa kimya.

Pakiti zinazotoka ng'ambo angalau zinasomeka. Ulaya soya imo kwenye orodha ya vyakula 14 ambavyo lazima vitajwe waziwazi. Marekani sheria ya mwaka 2004 inawataka watengenezaji waitaje kwa jina, ila mafuta ya soya yaliyosafishwa sana yameachwa nje ya sharti hilo. Soma basi orodha yote, na usome pia ile sentensi ya mwisho inayotaja mashine zinazotumika kwa vyakula vingine.

Lakini sasa njoo Mombasa, maana hapa ndipo nilipopagawa hasa! Baada ya chokoleti ile nilianza kukagua vitamu vya pwani kimoja kimoja kwa jicho la mtu wa mzio, na nikagundua kwamba tumeishi juu ya hazina. Nazi, sukari, iliki, ufuta, wanga, samli, unga wa mchele, ubuyu. Soya haimo! Haikuwahi kuwamo, kwa sababu vitamu hivi vilitimia kabla maharage ya soya hayajawa kitu cha kutiwa kila mahali.

Halwa kwanza. Halwa ya moto, iliyotoka sufuriani sasa hivi, si ile iliyolala dirishani tangu juzi. Nenda Mji wa Kale wakati wanapopika, uone ile sufuria kubwa na mwiko mrefu usiopumzika. Wanga na sukari vikichemka pamoja huwa maji maji ya rangi hafifu, kisha huanza kukaza, kisha samli huingia kidogo kidogo, na mpishi hukoroga tu, hukoroga, hadi donge lote ling'ae na kuachana na sufuria. Hapo ndipo iliki, kungumanga na zafarani huingia, na harufu hukufuata hadi barabarani. Mzee mmoja alinikatia kipande, lozi mbili zikiwa zimezama ndani kama wadudu kwenye utomvu, na kabla sijakitia mdomoni nikamuuliza, "Ami, umetia samli au mafuta?" Akanijibu, "Samli, mwanangu. Mafuta hayatoi halwa hii." Ikateleza yenyewe! Laini, nzito, moto, na samli ikabaki midomoni. Pamoja na kahawa chungu ya tangawizi, sijui mtu atatafuta nini tena duniani. Waomani wana halwa yao inayofanana sana na hii, na wao pia huila na kahawa, kwa hiyo ndugu zetu walioko Maskati hawana haja ya kuhangaika.

Swali lile la samli au mafuta usiliache kamwe. Wapo wapishi wanaobana gharama na kutia mafuta ya kopo, na kopo lenyewe limeandikwa tu kwamba ni mafuta ya kupikia. Mpishi mwenye samli hujibu mara moja na kwa fahari. Anayesitasita, mshukuru na upite.

Kashata! Naziweka daraja la juu kabisa, na naomba kusikilizwa vizuri hapa. Kashata ya nazi ni tamu, laini, na ile ya rangi ya waridi huwapendeza watoto. Kashata ya karanga ina nguvu na hushibisha. Lakini kashata ya ufuta, ile nyembamba, iliyopikwa hadi sukari ikaanza kuwa ya kahawia, iliyonyunyizwa iliki na kukatwa kwa umbo la almasi ingali moto, hiyo ni kiwango kingine kabisa. Inapasuka mdomoni, kisha kila punje ya ufuta inatoa mafuta yake kwa wakati wake, na sukari ile iliyokaribia kuungua inaleta uchungu mdogo unaozuia utamu usikinaishe. Ufuta, sukari, iliki, chumvi kidogo. Hamna kingine. Nimeionja baada ya kula chokoleti ya San Francisco siku hiyo hiyo na haikutetereka hata kidogo.

Kuhusu karanga, neno moja la tahadhari. Karanga na soya ni jamaa, zote za jamii ya kunde, ingawa wengi wenye mzio wa soya hula karanga bila shida. Hatari kubwa iko kwenye mchanganyiko: Kampala, kwa mfano, utakuta karanga zinauzwa zikiwa zimechanganywa na soya za kukaanga, na kwenye kikaratasi kidogo cha kukunja si rahisi kuzitofautisha. Nunua karanga unazoziona zote, zenye maganda yake mekundu. Na kama karanga nazo zinakudhuru, achana nazo, ufuta na nazi zinatosha.

Mabuyu sihitaji kuyatetea. Mbegu za mbuyu zenye unga wake, sukari, rangi, iliki, na kama ni ya Unguja basi pilipili manga inayokukamata mwishoni. Unamung'unya, unatema kokwa, unachukua jingine, na vidole vyako vinakuwa vyekundu mchana kutwa. Uchachu wake ni wa asili, hakuna kilichoongezwa ili kuuleta. Anayeogopa rangi atafute ubuyu mweupe, unga mtupu juu ya mbegu, utamu wake ni wa chini zaidi na mimi naupenda vilevile.

Sasa chumvi, kwa sababu mtu hawezi kuishi kwa sukari. Jioni pale Mama Ngina, kando ya bahari hapa Mombasa, upepo ukivuma, chukua krispi za muhogo. Muhogo umekatwa mwembamba hadi unakaribia kuona upande wa pili, umekaangwa ukakauka, kisha muuzaji anakamulia ndimu na kurushia pilipili ya unga yenye chumvi, anatikisa mfuko, anakupa. Ile sekunde ya kwanza, kabla ndimu haijaulainisha muhogo, ni ya kufa mtu! Kula hapo hapo, usiende nazo nyumbani. Ukilinganisha na krispi za viazi za dukani zenye vikolezo vya kusagwa, na humo ndani unga wa mchuzi wa soya hujificha mara nyingine, hizi zinashinda kwa kila hali, hata kwa bei.

Tatizo ni lile lile, mafuta. Kwenye karai la barabarani mafuta yanaweza kuwa ya mawese, ya alizeti, au mchanganyiko, na yanaweza kuwa yamekaanga kitu kingine asubuhi. Dada ninayenunua kwake hukaanga muhogo peke yake, na kopo la mafuta analiweka wazi, mtu yeyote alisome. Wauzaji wa namna hii wapo, na wakijua una mzio wanakuwa walinzi wako. Viazi karai na bajia, kwa upande mwingine, nazikagua zaidi, kwa sababu unga wa dengu wa kununua kwa kupimiwa huweza kuwa umekutana na unga mwingine kinuni. Nikisaga dengu zangu mwenyewe, nakaanga bila wasiwasi.

Korosho za Mtwara zilizochomwa, tende, ndizi za kukaushwa, bisi za nyumbani: hizi kila mtu anazijua, ziweke tu kwenye mkoba. Gubiti, ile peremende ya sukari inayovutwa na kuvutwa hadi iwe nyeupe, ni nzuri sana kwa mtoto anayewaona wenzake na peremende za kiwandani naye hana.

Na kitumbua! Kinastahili nafasi yake. Mchele uliolowekwa usiku, ukasagwa na tui zito, hamira, sukari na iliki, ukaachwa uumuke hadi juu yake kuwe na mapovu. Kwenye kikaango chake kila shimo linatiwa mafuta kidogo tu, na mafuta hayo unayachagua wewe. Mimi natumia ya nazi. Ukigeuza kwa kijiti, upande wa chini unakuwa umekauka na kuwa wa dhahabu, na ndani pamebaki laini na matundu matundu yaliyojaa harufu ya tui. Kula kingali moto, pembezoni kukiwa bado kunapasuka. Linganisha na vya dukani: biskuti za pakiti huweza kuwa na majarini, na majarini nyingi zina lesithini. Mkate wa dukani mara nyingine hutiwa unga wa soya ili uwe laini. Unga wa uji wa lishe ndio kabisa, mara nyingi soya ni sehemu ya mapishi yake. Kitumbua hakina lolote kati ya hayo, na ni kitamu kuliko vyote hivyo.

Hukumu yangu basi: kashata ya ufuta namba moja, halwa ya samli ya moto namba mbili kwa unywele tu, chokoleti ya Kilombero namba tatu, na kitumbua cha mafuta ya nazi ndicho cha kila asubuhi. Chokoleti ingepanda juu kama ningeipata hapa mtaani. Kakao inavunwa Kilombero, inavunwa Kyela, halafu sisi tunaagiza kutoka ng'ambo ya bahari mbili! Nawaomba wenye viwanda vya chokoleti na biskuti wa Afrika Mashariki: alizeti inalimwa Singida na Dodoma, lesithini yake inajulikana, na chokoleti ya kakao na sukari peke yake imeshaonyesha kuwa inawezekana. Tutengenezeeni, na muandike kwa herufi kubwa, kwa Kiswahili, kwamba haina soya. Wanunuzi tupo, na tuna njaa.